Siku Nane Katika Sayari ya Tatooine: Safari ya Kusini mwa Tunisia

Siku ya kwanza: Tunis hadi Houmt Souk

Kazi iliyonileta Tunis ilikwisha jana jioni, na leo asubuhi, wakati wenzangu wakifunga mizigo ya kurejea Unguja, mimi nimepanda ndege ndogo ya kwenda kisiwa cha Djerba. Nimejitengea siku nane za kuitembea sayari moja. Ni Tatooine, sayari kame yenye majua mawili, ambayo walimwengu waliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1977 katika filamu ya Star Wars iliyoongozwa na George Lucas. Upigaji wa filamu hiyo ulianzia hapa kusini mwa Tunisia tarehe 22 Machi 1976, na kwa kuwa sasa pia ni Machi, nimeona hakuna msimu bora kuliko huu wa kuifuata njia yao.

Niliiona sayari hii nikiwa na umri wa miaka tisa, nyumbani kwa jirani yetu Ng'ambo, kwenye kanda ya video iliyokuwa imechakaa hata picha inaruka. Tulikuwa watoto kama kumi mkekani, na hakuna hata mmoja wetu aliyekijua Kiingereza, lakini tulielewa yote yaliyokuwa muhimu: kwamba Luke ni kijana anayelelewa na ami yake, kwamba ami anamtaka abaki kusaidia kazi za shamba hadi mavuno yapite, na kwamba kijana anatamani kuondoka. Hilo halikuhitaji kutafsiriwa.

Tangu wakati ule nimeona sayari nyingi za filamu, na baadhi yake zinanivutia sana. Pandora ya filamu ya Avatar, iliyotengenezwa kwa kompyuta, ina misitu ambayo macho hayachoki kuitazama, lakini sijawahi kuamini kwamba kuna mtu aliyewahi kufagia uwanja au kuosha sufuria huko. Hoth, nayo ya Star Wars, ni barafu tupu, na ilipigwa Finse, nchini Norwei. Jakku, sayari ya mchanga iliyoonekana mwaka 2015, ilipigwa katika jangwa la Abu Dhabi, na ndugu zangu wanaoishi huko waliwahi kunipeleka kwenye vilima vya mchanga vya upande ule. Nilistaajabia ukubwa wa mchanga, nikarudi bila kuona nyumba moja ambayo ningeweza kusema mtu wa sayari ile alizaliwa ndani yake. Tatooine ni tofauti. Ina majiko, ina milango mifupi, ina ghala, ina madimbwi ya kivuli ambamo mtu hukaa kusubiri jua lipungue. Nimekuja kuangalia mambo hayo yalitoka wapi.

Usiku huu nalala Houmt Souk, jina ambalo kwa Kiswahili ni Mtaa wa Soko.

Siku ya pili: Ajim na Sidi Jemour

Ajim ni bandari ya wavuvi iliyoko kusini-magharibi mwa kisiwa, na katika filamu ndiyo Mos Eisley, mji wa vyombo vya anga ambako Luke na mzee Obi-Wan Kenobi wanakwenda kutafuta nahodha wa kuwasafirisha. Nimefika saa tatu asubuhi kwa teksi, nikatafuta jengo lililotumiwa kama mlango wa baa ile maarufu yenye viumbe wa kila umbo. Nimelikuta likiwa limechakaa mno, plasta imebanduka na ukuta mmoja umeanza kuinama, na upande wa pili wa njia mama mmoja alikuwa akianika nguo. Ni sehemu ya nje tu iliyopigwa hapa. Baa yenyewe, na wapiga muziki wake, ilijengwa ndani ya studio za Elstree, Uingereza.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza nimetoka wapi. Nilimjibu kwa Kiarabu changu cha chuoni, ambacho kinatosha kwa salamu na masuala ya njia. Akasema, "Mwanangu, nyote mnaokuja hapa mnautazama ukuta. Hakuna anayeitazama bahari."

Maneno yake yamenifaa kuliko kitabu chochote cha mwongozo, kwa sababu kutoka hapo nimefuata ufuo kuelekea kaskazini hadi kwenye nyumba ndogo yenye kuba iliyotumiwa kama makao ya Obi-Wan, na nimeikuta iko pwani kabisa, karibu na maji kiasi cha kusikia mawimbi. Katika filamu mzee huyo anaishi peke yake ukingoni mwa nyika isiyo na tone la maji. Kumbe kamera iliigeuzia bahari mgongo. Mimi mtu wa kisiwani nilisimama pale muda mrefu, nikiangalia mashua za wavuvi kushoto na mlango wa mzee wa jangwani kulia, na sikuhisi kwamba nimedanganywa. Nilihisi kwamba nimeonyeshwa namna sayari inavyoundwa: unachagua utakachokiingiza ndani ya picha, na unachokiacha nje kina uzito uleule.

Alasiri nimekwenda Sidi Jemour, msikiti mweupe uliojitenga kwenye pwani ya magharibi, ambao nao ulitumiwa katika matukio ya Mos Eisley. Hapa nimeguswa kwa namna ambayo sikuitarajia. Djerba ni mojawapo ya maskani machache ya Waislamu wa madhehebu ya Ibadhi duniani, pamoja na Oman, bonde la Mzab kule Algeria na milima ya Nafusa kule Libya, na sisi Unguja tunawafahamu Maibadhi kwa sababu ndiyo madhehebu ya masultani waliotoka Oman. Misikiti mingi ya kisiwa hiki ni mifupi, minene, imepakwa chokaa, haina nakshi, na inaonekana kama imechomoza kutoka ardhini yenyewe. Upo hata msikiti uliochimbwa chini ya ardhi karibu na Sedouikech. Misikiti ya zamani ya Kiibadhi ya kwetu nayo haipendi majivuno wala minara mirefu. Kwa hiyo umbo ambalo watazamaji wa dunia nzima wanaliona na kusema "hii ni sayari nyingine," mimi nimeliona nikakumbuka vichochoro ninavyopita nikienda sokoni.

Mwaka 2023 UNESCO iliingiza Djerba katika orodha ya urithi wa dunia kwa ajili ya namna wakazi wake walivyotawanya makazi yao juu ya ardhi isiyo na maji mengi. Sayari ile ya kubuni iliichukua hekima hiyo miaka 47 kabla.

Siku ya tatu: Jorf, Medenine, Ksar Hadada

Pantoni kutoka Ajim hadi Jorf inachukua muda mfupi, na upande wa bara nimepanda louage, gari dogo la abiria lisiloondoka mpaka lijae, jambo ambalo mtu aliyezoea daladala halihitaji kuelezwa.

Medenine nimetembea katika uchochoro wenye vyumba virefu vyembamba vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja kikiwa na dari ya duara kama mkate uliokatwa. Vyumba hivi vinaitwa ghorfa, na ngome inayovikusanya inaitwa ksar. Nilipolisikia neno la kwanza kinywani mwa mwenye duka nilimwomba alirudie. Ni ghorofa yetu! Kwa Kiarabu ni chumba, na kwetu, safarini mwa karne nyingi, imekuwa tabaka la jumba. Na ksar si neno jingine ila kasri. Hapa kusini mwa Tunisia maana zote mbili za ghorfa zimekutana katika jengo moja, kwa maana kila chumba ni tabaka na kila tabaka ni chumba. Nimejikuta nikimwambia yule bwana kwamba Unguja tunalo neno hilohilo, naye akafurahi, akaniletea chai yenye mnanaa bila kutaka malipo.

Uchochoro wa Medenine na ngome ya Ksar Hadada, iliyoko mbele zaidi katika milima, vilitumiwa kiangazi cha mwaka 1997 katika upigaji wa The Phantom Menace, filamu nyingine ya Star Wars, kama mtaa wa watumwa wa mji wa Mos Espa, ambamo mtoto Anakin anaishi na mama yake. Nimefika Hadada alasiri, jua likiwa limelala upande na kila mlango umejaa kivuli cheusi. Ngazi za udongo hazina usawa, moja fupi na nyingine ndefu, na mikono ya watu imezilainisha kingo za kuta. Nilipitisha kiganja changu juu ya kingo hizo. Mtaalamu wa majengo ya filamu anaweza kutengeneza ukuta mpya ukaonekana wa zamani, na wapo waliobobea katika kazi hiyo, lakini ulaini ule hauigiki kirahisi, maana ulitokana na vizazi vya watu waliopanda na kushuka na magunia.

Ngome hizi zilijengwa na jamii za Waamazighi, yaani Waberberi, na Waarabu wa eneo hili kwa ajili ya kuhifadhi chakula. Kila familia ilikuwa na chumba chake cha shayiri, tini kavu na mafuta ya zeituni, ikafunga mlango wake wa mti wa mtende, kisha ikaondoka na mifugo kutafuta malisho ikijua kwamba mlinzi yupo. Mwaka wa ukame ndio uliotoa thamani ya ghala. Watengenezaji wa filamu waliligeuza ghala kuwa makazi ya watumwa, na kwa mahitaji ya kisa chao sina neno. Ila ningependa kila anayeipenda Mos Espa ajue kwamba vyumba vile vilikuwa akiba ya watu huru.

Siku ya nne: Tataouine

Huu ndio mji ulioipa sayari jina lake. Kwa kawaida mashabiki hufika hapa, hupiga picha na kibao cha barabarani, huondoka, kwa sababu mji wenyewe haukupigwa filamu. Uliazimwa jina tu, na tahajia ikabadilishwa kidogo. Mimi nimebaki siku nzima kwa ajili ya mambo mawili.

La kwanza ni jina. Tataouine ni neno la Kiamazighi, wingi wa neno lenye maana ya jicho, na pia chemchemi, kama vile sisi tunavyosema jicho la maji. Sayari iliyo kavu kuliko zote katika sinema imepewa jina la mahali pa chemchemi. Sijui kama kuna aliyelifikiria hilo mwaka 1976, lakini nilipokuwa nikinywa maji katika mkahawa wa karibu na soko nililifikiria mimi, na nimeona jina limeipa sayari kile ambacho watu wake wanakililia.

La pili ni jiwe. Usiku wa tarehe 27 Juni 1931 kimondo kilipasuka juu ya eneo hili, na vipande vyake, vyenye jumla ya kilo 12 hivi, viliokotwa karibu na mji. Ni jiwe la rangi ya kijani kilichofifia, la aina adimu ambayo wanasayansi wanaihusisha na Vesta, mojawapo ya miamba mikubwa kabisa inayozunguka kati ya Mirihi na Mshtarii. Sehemu kubwa ya vipande ilipelekwa Paris. Hivyo zaidi ya miaka 40 kabla ya Tataouine kupelekwa angani na wasimulizi, anga ilikuwa imekwisha kujiletea salamu yake hapa, na vipande vyake vilishikwa kwa mikono.

Mchana nimekodi gari hadi Ksar Ouled Soltane, kilomita 20 na kitu kusini ya mji. Ngome hii ina nyua mbili na ghorfa zake zinafika tabaka nne, na juu ya milango bado vinachomoza vijiti ambavyo vilitumika kuvutia mizigo kwa kamba. Ni nzuri kupita zote nilizoziona.

Siku ya tano: Matmata

Nimefika Matmata adhuhuri na kwa dakika kadhaa sikuona mji. Kulikuwa na vilima vya udongo wa manjano, mizeituni michache, na barabara. Kisha dereva akanionyesha mashimo.

Nyumba za asili za hapa zinachimbwa kwenda chini. Mchimbaji huanza na shimo pana la duara lenye kina cha mita saba au zaidi, ambalo ndilo uwanja wa nyumba, kisha huchimba vyumba kuingia ubavuni mwa shimo: jiko, vyumba vya kulala, ghala. Njia ya kuingilia ni handaki linaloteremka kutoka kando ya kilima. Udongo ni laini kwa sururu, lakini ukipata hewa hukaza, na unene wake huwakinga wakazi na joto la kiangazi na baridi ya usiku wa jangwa. Hakuna mbao za kununua wala mawe ya kubeba. Miaka ya 1960 mvua kubwa ziliangusha nyumba nyingi, serikali ikajenga Matmata mpya bondeni, na familia nyingi zikahamia huko. Zilizobaki chini ni chache, na mama mmoja aliyenikaribisha kwake aliniambia kwamba watoto wake wanaishi ghorofani mjini Gabès, lakini wakija kiangazi hulala hapa kwa sababu kule joto linawashinda.

Nalala katika hoteli ya Sidi Driss, ambayo ni mashimo kadhaa yaliyounganishwa kwa mahandaki. Uwanja wa shimo mojawapo ndio nyumbani kwa Luke. Mwaka 2000 wapigaji wa filamu walirudi hapa kwa ajili ya Attack of the Clones, filamu ya mfululizo huohuo, wakapachika tena fremu za milango na mitambo ya bandia, na walipoondoka waliviacha vitu hivyo mahali pake. Chumba cha chakula ni kilekile ambamo ami yake na mke wa ami wanakaa mezani na Luke, na dari yake bado ina michoro ya rangi. Nimekula hapo kuskusi kwa mwana-kondoo. Nilikuwa peke yangu, na ninakiri kwamba kwa muda nilishindwa kula.

Kabla ya jua kuzama nilitembea bondeni na mwenyeji mmoja ili nione jessour, yaani matuta ya kukinga maji ya mvua, na hicho ndicho kitu kikubwa nilichojifunza katika safari yote. Familia ya Luke ni wakulima wa unyevu: wana mitambo iliyosimama shambani inayokamua maji kutoka hewani. Nilikuwa nikidhani hayo ni mawazo ya mwandishi tu. Matmata mvua haizidi sana milimita 200 kwa mwaka mzima, kiasi ambacho Unguja hukipata na ziada katika mwezi mmoja wa masika, na hata hivyo kila korongo lina mizeituni na mitini. Siri ni matuta. Wakulima hukinga korongo kwa tuta la udongo na mawe, wakaacha upenyo pembeni wa kupunguzia maji; mvua ikinyesha, hata kwa saa moja tu, maji yote ya mlimani hukimbilia hapo yakiwa na tope lake, tope likatulia nyuma ya tuta, na mwaka hadi mwaka pakajengeka udongo wenye kina unaoweza kuhifadhi unyevu. Juu ya tuta moja kuna jingine, na jingine, kama ngazi hadi kileleni. Shamba lenyewe ni zao la mvua.

Mwenyeji wangu alieleza kwamba tuta likibomoka baada ya mvua lazima lizibwe mara moja, kwa sababu likiachwa litalibomoa la jirani wa chini. Nilimkumbuka yule ami wa kwenye filamu, ambaye utotoni tulimwona mkatili kwa kumzuia kijana asiondoke kabla ya mavuno. Jioni ya leo nimemwelewa kabisa.

Siku ya sita: Kebili na Chott el Djerid

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Tumevuka Kebili na kuingia katika barabara iliyoinuliwa inayokatiza Chott el Djerid, ziwa la chumvi lenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 5,000, ambalo sehemu kubwa ya mwaka ni uwanda mkavu mweupe. Leo lilikuwa na maji ya kina cha kidole, rangi ya waridi pembeni mwa barabara, na upeo wa macho ulikuwa umepotea. Mwaka 1976 nako mvua kubwa iliwakuta Lucas na watu wake mwanzoni kabisa mwa kazi, na roboti zao ziligoma mara kwa mara. Dereva amesema hatuwezi kuingia na gari kwenye chumvi mpaka ikauke kwa siku mbili. Nimefika Tozeur nimelowa na nimelala mapema.

Siku ya saba: Sidi Bouhlel na Ong Jmel

Asubuhi tumekwenda kwenye korongo la Sidi Bouhlel, ambamo Wajawa wadogo wenye majoho wanaikamata roboti R2-D2, na ambamo Obi-Wan anaonekana kwa mara ya kwanza. Wapigaji filamu wengine wamelipenda pia korongo hili, na Raiders of the Lost Ark ya mwaka 1981 ina tukio hapa. Nimekaa saa moja tu, kwa kuwa mawazo yangu yalikuwa Ong Jmel.

Ong Jmel maana yake ni shingo ya ngamia, kutokana na umbo la mwamba ulioko karibu. Hapo, katikati ya mchanga, mwaka 1997 ulijengwa mji wa Mos Espa: majengo yapatayo 20 ya mbao, nyavu na plasta. Dhoruba ilivunja sehemu ya kazi wakati wa upigaji, kikosi kikajenga upya kwa haraka, kikamaliza, kikaondoka, na mji ukaachwa. Nikigonga ukuta unalia wazi kama debe, na mahali plasta ilipodondoka unaonekana mfupa wa mbao. Baada ya kingo laini za Hadada, tofauti naisikia kwa vidole.

Hata hivyo sikuweza kuudharau mji huu, kwa sababu jangwa lenyewe limeuchukulia kwa uzito. Kilima cha mchanga chenye umbo la hilali, aina ambayo upepo huisogeza ikiwa nzima, kilikuwa kikiusogelea mwaka hadi mwaka. Mwaka 2013 mwanasayansi Ralph Lorenz na wenzake walichapisha utafiti wakiutumia mji huu kama alama ya kupimia, kwa kuwa katika jangwa tupu ni vigumu kusema kilima kimesogea kiasi gani kama hakuna kitu kinachobaki mahali pake. Walikuta kwamba kilima kile kilikuwa kikitembea kwa kiasi cha mita 15 kwa mwaka. Mwaka uliofuata Watunisia walileta mashine wakaondoa mchanga mwingi ili kuyanusuru majengo. Mafungu yake bado yanaonekana, na hapa na pale mchanga umeanza tena kupanda madirishani.

Lorenz huyo ni mtafiti wa Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, ambako nako kuna vilima vya mchanga vilivyotandaa katika eneo kubwa la ikweta. Na tambarare za Titan, kwa utaratibu wa Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia, hupewa majina ya sayari za kubuni kutoka katika visa vya Dune vya mwandishi Frank Herbert. Hivyo leo Arrakis, sayari ya mchanga ya visa hivyo, iko juu ya ramani ya mwezi halisi. Nimekaa juu ya ukingo wa kilima nikilitafakari hilo. Sayari ya uongo imetumika kupima mchanga wa kweli, na mchanga huo wa kweli husaidia kuelewa mchanga wa dunia nyingine, ambayo nayo imepewa majina ya sayari za uongo. Watu wanaodhani kwamba hadithi hizi ni za watoto wangefaa kukaa hapa nusu saa.

Siku ya nane: Nefta

Chumvi imekauka vya kutosha. Tumetoka Nefta saa kumi alasiri, dereva akifuata alama za magurudumu ya zamani na kusimama mara mbili kuipima ardhi kwa mguu, mpaka kikatokea kuba kidogo cheupe kilichokuwa kikitetemeka ndani ya mazigazi. Ndiyo sehemu ya juu ya nyumba ya Luke. Mlango unaoteremka hapa unakwenda kutokea Matmata, kilomita zaidi ya 150 kutoka hapa; kwa macho ya mtazamaji ni hatua nne za ngazi. Nyuma ya mlango hakuna kitu.

Kuba lilikuwa limeharibika sana, na mwaka 2012 mashabiki kutoka nchi za Ulaya na kwingineko walichanga fedha, wakaja wakalikarabati. Nimelizunguka taratibu. Chini palikuwa na vipande vya plasta ambavyo wageni huvichukua kama kumbukumbu, na mimi nimeviacha.

Tukasubiri. Kutoka hapa Luke anasimama ukingoni na kutazama majua mawili yakizama, na kwangu hakuna sekunde nyingine katika sinema zinazosema mengi kiasi hicho bila neno. Jua moja lilikuwa la kweli, hilihili, na la pili liliongezwa baadaye. Dereva, ambaye amewaleta hapa wageni wengi, aliniuliza kama jambo hilo linawezekana, mbingu kuwa na majua mawili. Nilimweleza kwamba mwezi Septemba 2011 wanasayansi walitangaza kuwa darubini ya Kepler imegundua sayari inayozunguka nyota mbili kwa pamoja, Kepler-16b, yenye uzito unaokaribia ule wa Zohali, iliyo umbali wa zaidi ya miaka ya mwanga 200, na kwamba mwaka wake ni siku 229. Akaniuliza kama kuna watu. Nikamwambia ni baridi mno, na haina ardhi ya kusimama.

"Basi ni afadhali hii," akasema, akauelekeza mkono wake kwenye chumvi.

Jua liligusa ukingo, likawa pana, likawa jekundu. Waarabu wa mashariki waliiita nchi hii Maghrib, mahali jua linapotua, na sisi tumelichukua neno hilo tukalipa kazi mbili, upande wa dunia na saa ya siku. Nilikuwa nimesimama magharibi, wakati wa magharibi. Dereva alitandika jamvi nyuma ya gari na kuniita kwa ishara ya kichwa, nami nikaenda kusimama kando yake, chumvi ikivunjika polepole chini ya nyayo zetu.